Barua Niliyoikata

Juzi mwanangu alinijia jikoni na kadibodi mkononi, akasema gundi imekwisha na kazi ya shule inatakiwa kesho. Duka lilikuwa mbali na mimi ni mvivu, basi nikatia unga wa ngano kwenye sufuria ndogo, nikaongeza maji, nikakoroga motoni mpaka ukawa uji mzito unaong'aa. Harufu ilipopanda nilisahau kukoroga. Gundi ikashika chini, mtoto akalalamika, na mimi nilikuwa nimekwisha rudi Bertrams, nina miaka kumi, nimevaa sweta la shule lililotoboka kiwiko, vidole vyangu vimegandana kwa unga.

Huenda wewe rafiki yangu huijui Bertrams. Ni mtaa wa upande wa mashariki wa Johannesburg, nyumba zake za zamani zimeshikana ukuta kwa ukuta, na vibaraza vina vyuma vilivyopindwa mapambo ambayo kutu ilikuwa imekwisha yala nusu. Uwanja mkubwa wa mpira uko jirani. Jumamosi kukiwa na mechi tulijua goli limefungwa kabla ya redio kutuambia, maana vikombe vilitetemeka kabatini. Majira ya baridi nyasi zilikauka zikawa rangi ya biskuti, na asubuhi tulikwenda shule tukitoa moshi vinywani, tukijifanya wavuta sigara.

Tulihamia huko mwaka uliofuata ule wa uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote. Baba alikuwa mtu wa Soweto aliyekimbilia Tanzania angali kijana kwa ajili ya siasa, akaishi huko miaka mingi, akarudi kwao na mke wa Tanga, mtoto mmoja, na Kiswahili cha kambini ambacho Mama alikicheka mpaka machozi. Alipata kazi ya kuendesha gari la kupeleka mizigo huko Randburg, akawa anaondoka tukiwa tunakunywa chai na kurudi tukiwa tumeshiba. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: Mama, mimi, na Gogo, mama yake Baba, aliyehamia kwetu kutoka Soweto ili, kwa maneno yake mwenyewe, amwone mtu aliyemchelewesha mwanawe.

Mama alipima vitambaa katika duka moja Fordsburg. Nilipenda Jumamosi aliponichukua. Pale palinukia iliki na nyama ya kuchoma, na akina mama wa Kitanzania walipita dukani kuulizana habari za nyumbani, nani kazaa, nani kapata visa, nani anasafiri lini na ana nafasi ya kubeba kifurushi. Tulirudi na tende, tambi, kopo la tui, na Mama akatupikia wali ambao Gogo aliuita chakula cha harusi. Naye Gogo alipika pap, ugali wa huku mgumu wa kukatwa, pamoja na mboga za majani, na siku za baridi magwinya, yale maandazi manene ya huku, ambayo Mama alisema yangekuwa matamu zaidi kama mpishi angekuwa hana hasira.

Hasira hawakuwa nazo kweli. Walikuwa na adabu, jambo ambalo wakati mwingine ni zito kuliko hasira. Alhamisi Gogo alivaa blauzi yake nyekundu na kofia nyeupe akaenda kwenye sala ya akina mama wa kanisa lake. Siku nyingine alichoma mpepho, majani makavu ya kuzungumzia na wazee waliokufa, pembeni mwa chumba chake, na moshi ukaja mpaka jikoni. Mama alifungua dirisha bila kusema neno. Mama naye alitandika msala wake sebuleni mara tano, na Gogo akapunguza redio bila kusema neno. Walisemeshana kwa mchanganyiko wa Kizulu na Kiswahili ambao nje ya nyumba yetu usingemsaidia mtu hata kununua mkate.

Kitu kimoja Gogo hakuacha kukitania ni mfuko wa juu ya kabati. Mama hakutupa karatasi yoyote yenye herufi za Kiarabu. Kifuniko cha kasha la tende, kalenda ya bucha, kipande cha gazeti kilichofungia bizari, vyote alivipangusa, akavigusisha kwenye paji la uso, akavitia ndani ya foronya ya maua na kuirudisha juu kabisa, mahali ambapo mguu wa mtu hauwezi kupita.

"Makoti," Gogo alimwuliza siku moja, maana ndivyo anavyoitwa mke wa mtoto, "hata karatasi ya sabuni?"

"Hata ya sabuni, Mama. Huwezi kujua jina la Mungu limekaa wapi."

"Eish. Basi limeoga."

Mama alicheka, siku hizo alikuwa bado anacheka. Akanieleza mimi kwamba foronya ikijaa tutazichoma karatasi zote mahali safi na majivu tutayafukia pasipokanyagwa. Nikaelewa hivyo: herufi zile ni za Mungu, na mwisho wake ni moto. Kumbuka nilivyoelewa, maana ndiko nilikokosea.

Nilikuwa na mahali pangu katika nyumba ile. Mama akimaliza kuswali hakunyanyuka upesi. Alikaa juu ya msala na tasbihi yake, midomo ikicheza, na mimi nilikwenda kukaa nyuma yake, tukaegemeana migongo. Hakunifukuza. Nilisikia pumzi yake ikipanda na kushuka kupitia mbavu zangu mwenyewe. Sikuwa nikiomba chochote. Kama mtoto anaweza kujua amani ni nini, mimi niliijua pale, mgongoni kwa mama yangu, harufu ya tui ikitoka jikoni.

Kisha bibi yangu wa Tanga akafariki. Simu ilipigwa dukani Fordsburg asubuhi ya Jumatatu, na Mama aliporudi nyumbani bibi alikuwa amekwisha zikwa. Sisi Waislamu hatucheleweshi maiti, na basi la kutoka Johannesburg mpaka Tanga ni safari ya siku kadhaa, mipaka haijakutia adabu. Mama alikuwa mtoto wake wa pekee wa kike. Aliosha vyombo siku ile, akafua, akapiga deki kibaraza, na kila tulipomwambia apumzike alisema, "Wamemzika bila mimi," kama mtu anayejikumbusha kazi iliyobaki.

Mwezi mmoja haujaisha, mama mmoja mchuuzi kutoka Tanga akamletea dukani barua ya mkono. Aliipokea kwa bibi mwenyewe, akiwa hai na mzima, kabla ya kuanza safari yake ndefu ya malori na mipaka. Bibi hakujua herufi za shule. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa pwani, na kwa kuwa hakuamini wasafiri, barua zake hakuzitia kwenye bahasha. Alizikunja mara nyingi mpaka zikawa ndogo kama kiberiti, kisha akazishona kwa uzi pande zote. Mama aliutambua mshono. Hakuukata. Alimwambia Gogo, "Moyo ukitulia nitaisoma," akaitia kwenye foronya, kwa sababu barua za bibi zilianza kwa Bismillahi na hazikufaa kuwekwa ovyo. Haya yote mimi niliyajua baadaye. Nakutangulizia wewe ili uone jinsi nilivyokuwa kipofu.

Mimi nilichokiona ni kimoja tu: Mama aliacha kukaa. Aliswali, akatoa salamu kulia na kushoto, akasimama papo hapo, akakunja msala kana kwamba umeshika moto. Mara mbili tatu nilikwenda kuegemea nikakuta hayupo.

Sasa njoo shuleni. Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa mama wa Kizungu mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, daima kavaa shati la kiume lenye madoa ya rangi, na Kiingereza chake kilikuwa na mdundo wa Kikaburu. Wenzake walimwona ana kasoro kidogo. Kila Jumanne, kabla hatujagusa kitu, alitufumbisha macho na kututaka tuisikilize sauti iliyo mbali kuliko zote. Mwanzoni tulichekana na kutoa sauti nyingine zisizo na umbali. Baada ya wiki chache darasa la watoto thelathini na wanane lilinyamaza lenyewe, na mtu aliweza kusikia treni ikiingia stesheni, kisha nyuma ya treni mbwa, na nyuma ya mbwa kitu ambacho sijui ni nini mpaka leo.

Alikuwa na amri moja tu: karatasi haitupwi. Kila chakavu, hata cha ukubwa wa ukucha, kilirudi kwenye kasha la viatu lenye jina lako. Gundi alitupikia mwenyewe kwa unga wa ngano kwenye jiko dogo la umeme, na watoto wengine waliila.

Siku moja akatuambia tutatengeneza kolaji, picha ya kubandika vipande vya karatasi, na akatupa swali badala ya mfano. "Kila mtu ana mahali ambapo moyo wake unakaa chini," alisema. "Pengine ni kanisani, pengine si kanisani. Nitengenezeeni mahali hapo. Siku ya wazazi tutazitundika ukumbini."

Ungeona mambo. Msichana wa Kizayoni, wa yale makanisa ya kanzu nyeupe na mishipi ya kijani, alikata maboksi ya sabuni ya unga akajenga kundi zima la waumini kando ya mto. Rafiki yangu Mhindi alileta karatasi ya kopo la samli akatoa taa moja ndogo, akaizungushia giza la karatasi za kaboni. Kulikuwa na mmoja aliyebandika beseni la kuogea, basi. Mwalimu alipomwuliza akajibu kwamba ndiko pekee ambako kaka zake hawaingii. Tulimcheka, lakini mwalimu aliitazama picha ile kwa heshima ileile aliyoitazama ya mto na ya taa.

Mimi nilijua nitatengeneza nini kabla swali halijaisha. Nilitaka kumkalisha Mama. Nitamkata kwa karatasi nyeupe, amekaa kwenye msala, mgongo kwetu, kwa sababu ndivyo nilivyomjua na kwa sababu alinifundisha si vizuri kuchora uso. Na kuta za chumba chake zitakuwa maneno ya Mungu. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba akiiona atakumbuka jinsi ya kukaa. Na maneno ya Mungu yalikuwa juu ya kabati, yakingoja kuchomwa bure.

Nilipanda juu ya kiti siku Mama yuko kazini na Gogo yuko kwenye sala yake ya Alhamisi. Kasha la tende lilikuwa na rangi nzuri, kalenda ilikuwa na pambo la dhahabu, nikavitia mkobani. Chini kabisa nikagusa kitu kigumu. Kijipochi cha karatasi, kimeshonwa kwa uzi mwekundu pande zote nne. Wewe ungesema barua? Mtoto yeyote mwenye mama wa Tanga angesema kama nilivyosema mimi: hirizi. Nilivalishwa moja nikiwa mchanga, iliyoshonwa vilevile, na nilikwisha ambiwa kwamba ndani yake mna dua. Nikaona nimepata karatasi takatifu kuliko zote.

Niliketi kwenye ngazi za jikoni nikakata uzi kwa mkasi wa Mama wa kushonea. Karatasi ilikunjuka ikawa kurasa mbili za daftari zilizojaa wino wa buluu, mbele na nyuma, mistari imeinama kidogo upande mmoja. Niliijaribu hapohapo, nikakata kipande chenye umbo la mwezi mwandamo. Mwezi ukatoka vibaya, umevimba kama korosho, nikautupa bila kufikiri kwenye pipa la jikoni. Kilichobaki nikaenda nacho shule, nikakikatakata kwa Jumanne mbili, matofali madogo madogo, nikayapanga mstari juu ya mstari.

Sijidai, lakini ilikuwa picha nzuri. Mwalimu aliishika mbali na uso wake, akainama, akarudi nyuma. Akaniambia hii itatundikwa katikati, na baada ya siku ya wazazi ingekwenda kwenye maonyesho ya shule zote mjini. Mimi sikuwahi kuwa wa kwanza kwa jambo lolote. Nilitembea kwenda nyumbani nikipita kwenye robot, kama tunavyoita taa za barabarani huku, bila kuona rangi yake, dereva mmoja akanitukana kwa lugha tatu.

Mama hakutaka kuja. Gogo ndiye aliyemvalisha karibu kwa nguvu. "Mtoto ameshinda, makoti. Huzuni utaikuta hapa ukirudi, haina miguu." Wakaja wote wawili, Gogo kavaa blauzi ya kanisani ingawa haikuwa Alhamisi, Mama kajitanda mtandio wake mweusi. Nikawashika mikono nikawapitisha katikati ya watu mpaka mbele ya picha yangu, nikasimama pembeni ili nimtazame yeye.

Kwanza alitabasamu. Aliujua mgongo wake. Kisha akasogea, na nikaona macho yake yanaacha kutazama na kuanza kusoma. Kidole chake kikaenda kwenye tofali moja, halafu lingine. "Mbuzi," alisema polepole. "Bati la jikoni. Mwambie. Njia ni." Akageuka. Sijapata kumwona mtu aliyebadilika rangi vile.

"Karatasi hii umeitoa wapi, mwanangu?"

"Kwenye mfuko wa juu."

"Ilikuwa imeshonwa?"

Nikasema ndiyo, hirizi. Nilisema kwa sauti ndogo kwa sababu tayari nilijua kuna jambo, ila sikujua jambo gani. Mama alikaa kwenye kiti kidogo cha mtoto wa darasa la kwanza, magoti juu. "Ni barua ya mama yangu," alisema. "Sikuisoma. Nilikuwa naingoja."

Rafiki yangu, nimefanya makosa mengine makubwa nikiwa mtu mzima mwenye akili, lakini hakuna lililonifanya nitamani ardhi ipasuke kama lile. Gogo hakuelewa maneno, akaelewa uso, akaweka mkono kwenye bega la Mama akisema tu, "Thula, mntanami," nyamaza mwanangu, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo badala ya makoti. Mwalimu akaja. Kiingereza cha Mama kilikuwa kidogo, basi ikabidi mimi mwenyewe nieleze kosa langu, sentensi kwa sentensi, mbele ya wazazi wa watu waliokuwa wanakula keki.

Mwalimu alisikiliza. Hakuniambia pole wala hakunigombeza. Alikwenda darasani akarudi na kasha langu la viatu, akalifungua mbele ya Mama: chakavu zote za buluu zilikuwamo, hata za ukubwa wa ukucha. Kisha akatazama picha ukutani akasema kuna upande wa pili, na upande wa pili uko ndani ya gundi. "Gundi ya unga inalegea kwa maji ya vuguvugu, na wino wa kalamu hii hautoki. Tunaweza kuibandua. Lakini picha itakufa." Akanigeukia. "Ni kazi yako. Lazima useme wewe."

Ningependa kukuambia nilijibu papo hapo. Sikujibu. Niliitazama picha yangu pale katikati ya ukuta, na kwa muda wa pumzi mbili au tatu nilitaka ibaki, niende nayo mjini, nipigiwe makofi. Mama aliniona. Nasema hili kwa sababu sijawahi kulisema: aliniona nikisita, akaangalia pembeni ili nisijue kwamba ameniona. Ndipo nilipomwambia mwalimu, "Ibanduliwe, Mam."

Ijumaa baada ya masomo tulikutana darasani sisi wanne. Mwalimu alijaza beseni maji ya vuguvugu akailaza picha ndani, na tukangoja. Mama wa karatasi alitoka kwanza, mzima mzima, akaelea. Kisha matofali yakaanza kulegea moja moja. Mwalimu aliyatoa kwa koleo la kung'olea nyusi, akampa Gogo, na Gogo akayapiga pasi juu ya kanga ya Mama, pasi ileile ambayo mwalimu alitumia kwa nguo za batiki. Mama aliyapanga mezani. Ulikuwa ukimya uleule wa Jumanne, ila sasa wakubwa ndio waliokuwa wanausikiliza. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuta kwenye kasha kipande ambacho Mama alikielekeza kwa kidole: chenye kona, chenye nukta tatu, chenye mkia.

Maji yalipokwisha kazi mwalimu aliinua beseni ayamwage kwenye sinki. Mama akamzuia mkono. Barua ilianza kwa jina la Mungu, nikamtafsiria, maji yake hayaendi na maji machafu. Mwalimu akalibeba beseni lote kifuani mpaka kwenye mawaridi ya uzioni, shati likimlowa, akayamwaga polepole mizizini.

Mama akaanza kusoma kwa sauti. "Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Mbuzi mweupe kazaa mapacha. Bati la jikoni linavuja na fundi ana maneno mengi." Alisoma na mimi nikasikia sauti ya bibi niliyemwona mara ya mwisho nikiwa na miaka saba, na Mama akacheka penye fundi, machozi yakimwagika, maana alimjua fundi huyo. Kisha akasimama, akamtazama Gogo, akasoma tena polepole kwa mchanganyiko wao: "Mama mkweo nisalimie sana. Mwambie mimi sina cha kumpa ila wewe, na nimekwisha mpa."

Gogo alibaki na pasi hewani. "Hawu," alisema. Akaiweka pasi chini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Nakuambia, siku ile walionana wawili ambao hawakupata kukutana duniani.

Mwishoni kabisa bibi aliandika hivi: "Mimi mwanangu ni mtu mzima, na siku ikifika usihangaike na safari. Njia ni ndefu na una mtoto. Siku utakayosikia habari yangu, wewe." Hapo pakawa na tundu, lenye umbo la mwezi uliovimba kama korosho. Baada ya tundu: "tu, basi utakuwa umenizika."

Tulipindua kasha. Tukatafuta chini ya meza, chini ya pasi, kwenye mikunjo ya kanga. Mimi nilijua kilipo na nikanyamaza mpaka niliposhindwa, nikasema: kipande kile nilikitupa nyumbani, kwenye pipa, na gari la taka lilikwisha pita Jumatano mbili. Maneno mawili au matatu. Upande wake wa pili ulikuwa umekula habari za mbuzi mweusi, kwa hiyo hatukujua pia yeye alifanya nini.

Mama hakunipiga. Alipitisha kidole kwenye tundu, mara moja, akakunja kanga yake. Magharibi ile aliswali, akatoa salamu, akabaki ameketi. Nilingoja mlangoni kwa hofu, kisha nikaenda nikamwegemea. Hakuniondoa.

Tangu siku hiyo akawa analijaza tundu. Jumapili alipika wali mkubwa akaupeleka kwa majirani, akasema, "Pengine alisema nilishe watu." Akasoma Yasini Alhamisi kwa Alhamisi, Gogo akiwa kwenye sala yake upande mwingine wa mji, na jioni wakaulizana imekuwaje. Akanunua daftari akaanza kunifundisha zile herufi, alifu na be na te, akinipiga kwa rula kidogo tu, akisema pengine bibi alitaka mjukuu asome. Akasamehe watu fulani aliokuwa amegombana nao, siwataji. Mwaka mmoja alilala siku nzima, mchana kutwa, na Baba aliporudi kutoka kazini akaogopa. Alisema pengine mama yake aliandika, wewe pumzika tu.

Sasa vingi vya wakati ule havipo. Nyumba yetu imegawanywa vyumba, kibaraza kimezibwa kwa matofali. Shule ile haina tena somo la sanaa, darasa limekuwa stoo ya madawati. Mwalimu alihamia pwani kwa dada yake na habari zake zikaishia huko. Gogo alitutoka, na Mama ndiye aliyemwosha na kumvisha blauzi yake nyekundu, maana alitaka yeye na si mwingine. Wachuuzi wa Fordsburg wanatuma sauti kwa simu, hakuna anayebeba barua, na sijui kama Tanga amebaki mtu wa kushona karatasi. Mama naye tulimzika miaka mitatu iliyopita. Mimi nilikuwapo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, akiwa kitandani, nilimwuliza swali nililolibeba tangu utotoni. Nilimwuliza anadhani lilikuwa neno gani. Alinitazama na lile tabasamu la kumtania Gogo.

"Ningelisoma," alisema, "ningefanya hilo moja tu, nikamaliza."

Akafumba macho. Huenda ndiyo kweli. Huenda alikuwa ananisamehe tu, maana hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kuyasema juu ya mkasi wangu.